Mlango Uliofungwa Kiangazi

Klein Hoop, Ukingo wa Mashariki wa Demerara
2 Februari 1993

Dada Chandra,

Pokea salamu za Mama, zangu, na za bata kumi na mmoja, ambao Mama amesema watangulie kusalimu kwa sababu wao hawajawahi kumpandisha presha.

Nimepata kazi. Kaa chini kwanza. Ule uwanja wa nyuma ya kijiji, tulipokuwa tukichunga ng'ombe wa Baba, haupo tena. Wamemwaga mchanga kimo cha mtu mzima na wanajenga kiwanda cha mbao mpaka ukingoni mwa mto. Mimi ndiye msimamizi wa maji ya mvua pale saiti. Usicheke. Nina kofia ya njano, buti za mpira na daftari. Nachimbisha mitaro, nalaza makalavati, najenga bwawa la kutuliza tope, na nahakikisha mvua ikinyesha haiondoki na mchanga wa watu.

Mlango wa maji wa kijiji nao umeangukia ndani ya uzio wetu, kwa hiyo funguo ya gurudumu lake ninayo mimi. Mzee Fitzroy Adonis, aliyeuinua maji yakipwa na kuushusha maji yakijaa kwa miaka thelathini na moja, amepewa barua ya shukrani na kuambiwa apumzike mpaka ujenzi uishe. Aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Kijana, mlango huu hauhitaji funguo. Unahitaji saa." Nikaitia funguo mfukoni.

Jambo kubwa ni hili. Mbao za kuinua nyumba nimeshazipata, ngumu, za maana. Kiangazi hiki nataka niipandishe juu ya nguzo ndefu kama nyumba za wenzetu, maana Mama bado analala kimo cha goti tu kutoka ardhini, na mvua za Mei hazina adabu. Lakini niambie kwanza karatasi zake za Kanada zimefikia wapi, nisije nikamwinulia nyumba mtu anayepanda ndege.

Mdogo wako,
Dhanraj


Scarborough, Kanada
21 Februari 1993

Dhanraj mdogo wangu,

Msimamizi wa maji! Wewe uliyetumbukia mferejini na suti ya harusi ya binamu Lalta, ukatolewa kwa upondo kama kambale! Kweli Mungu ana mzaha wake. Nimecheka mpaka mama mmoja wa Kijamaika ninayefanya naye kazi ya kufua mashuka ya hospitali akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia mume ninaye, anatosha. Vishnu anakusalimu sana.

Karatasi za Mama zinakwenda vizuri. Afisa mmoja amenihakikishia kwamba mwezi wa sita Mama atakuwa hapa nami. Kwa hiyo usijivunje mgongo kwa ajili ya nyumba. Mtu aliyebakiza miezi minne kuondoka hajengewi. Mbao hizo zitie kwenye jambo jingine.

Nakuuliza kitu, na usinione naingilia kazi yako. Mlango unaufungua hata sasa, kiangazi? Unakumbuka tulivyokuwa tukienda na Baba? Mzee Fitzroy anagonga kile kipande cha reli kinachoning'inia, watoto wanatoka mferejini mbio, kisha anainua mlango ingawa maji yenyewe hayamfiki bata tumboni. Baba akamtania, "Fitzroy, unatoa nini hapo, umande?" Naye akasema, "Sitoi maji, nafukuza tope. Mto ukikuta mlango umelala, unaufunika blanketi." Nilikuwa na miaka minane, na mpaka leo nikivuta blanketi namkumbuka.

Mbusu Mama. Mwambie aanze kuchagua nguo.

Dada yako,
Chandra


Klein Hoop
13 Machi 1993

Dada,

Mama hakuanza na nguo, alianza na vyombo. Chungu kikubwa cha kupikia wali wa sherehe amempa Doreen wa jirani. Kinu amempa mke wa fundi cherehani. Bata wamebaki wanne na wameanza kumtazama kwa mashaka. Akiulizwa, anajibu, "Nakwenda kwa binti yangu, huko wali unapikwa na umeme."

Kuhusu mlango sitakudanganya: haufunguliwi. Sikiliza kisa chake. Wafadhili wa kiwanda wana sheria kwamba maji ya saiti yasiingie mtoni yakiwa na tope. Kila mwezi anakuja mkaguzi na chupa ya kioo, anakinga maji, anayainua kwenye jua kama mganga anayetazama mkojo. Yakiwa machafu, kazi inasimama. Mitaro yetu inaishia kwenye mfereji wa kijiji, na mfereji unaishia mlangoni. Injinia Seebaran, Mtrinidadi mmoja mwenye masharubu ya kupigwa pasi, akatoa amri kwamba mlango ufungwe mpaka tope litulie.

Nikamwambia, "Injinia, mto wenyewe una rangi ya chai ya maziwa toka nizaliwe. Tutauchafua vipi?"

Akasema, "Mto haukaguliwi, Dhanraj. Tunakaguliwa sisi."

Nikamweleza habari ya Mzee Fitzroy na blanketi lake. Akanitazama kwa huruma. "Hiyo ni hadithi ya kijijini. Mimi nina mchoro. Mvua zikianza tutafungua, basi."

Kila siku naandika daftarini "Umefungwa" na kutia sahihi. Mzee Fitzroy naye, kila maji yakipwa, anakuja nje ya uzio na kipande chake cha reli, anakigonga mara tatu, anasubiri kidogo, halafu anarudi kwake. Vibarua wanamwita Padri. Juzi mmoja alimpigia kelele, "Padri, sadaka bado!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, Dada. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ya njano, nikacheka nao.

Mbao za nyumba nimewaazima saiti. Kingo za bwawa la tope zilikuwa zinabomoka, na wewe ulisema Mama ni wa mwezi wa sita. Watanilipa mbao nyingine mwisho wa mwaka.

Dhanraj


Scarborough
4 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Tumia anwani mpya niliyoandika nyuma ya bahasha. Tumehamia mahali padogo zaidi, karibu na kazi. Mimi na Vishnu tumeona hatuhitaji vyumba vingi.

Mama nimemnunulia koti la kijani, zito, lina mifuko mikubwa ya kutilia tambuu yake. Limening'inia nyuma ya mlango. Nikirudi usiku nikawasha taa, huwa nadhani kuna mtu.

Hilo la Padri halikunichekesha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lenyewe safari hii huenda likawa la kijiji kizima. Mwombe huyo bwana wa masharubu umfungulie Mzee Fitzroy japo mara moja kwa wiki, maji yapite, tope lisukumwe. Akikataa, mwambie dada yako amesema.

Lakini nakuamini. Mama yuko mikononi mwa msimamizi wa maji, wangapi wanaweza kusema hivyo?

Ukiulizwa tena kuhusu karatasi, jibu ni lile lile: Juni.

Chandra


Klein Hoop
9 Mei 1993

Dada,

Nina haraka. Mvua zimeanza. Mitaro inafanya kazi kama ilivyochorwa, na Injinia amenipiga bega mbele ya watu.

Binti wa Doreen akikupigia simu akakwambia kuna maji kijijini, usishtuke. Ni maji ya kifundo cha mguu, ya kila mwaka. Mama hajambo. Amekalia furushi lake la safari kama mtu aliyeko stesheni.

Niandikie tarehe yake kamili. Hata ikiwa kabla ya Juni. Ikiwezekana iwe kabla ya Juni.

Dhanraj


Klein Hoop
27 Mei 1993

Dada Chandra,

Ile barua ya mwisho ilikuwa ya uongo. Nakuandikia nikiwa kibandani saiti, mahali pakavu kuliko pote Klein Hoop.

Tulizungusha gurudumu tarehe sita Mei, maji yalipopwa. Mlango ulipanda vizuri, mnyororo ukalia, na nyuma yake palikuwa na ukuta. Tope, Dada. Jeusi, laini, la kunifika kifuani, limejipanga kuanzia kizingiti mpaka mbali mtoni kana kwamba fundi amelipima kwa timazi. Miezi mitatu mto umekuwa ukilala pale, na kila bamvua, maji yakijaa sana, ukiongeza lake. Maji yetu yalifika kwenye kizingiti yakasimama. Hata tone halikutoka. Mzee Fitzroy alikuwa nje ya uzio. Nilitamani anitukane. Alivua kofia tu, kama mtu anayepitiwa na jeneza.

Tulichimba kwa koleo watu ishirini. Maji yakijaa, mto ukarudisha yote tuliyotoa. Kesho yake hivyo hivyo.

Tarehe kumi na moja bwawa la saiti likajaa pomoni. Injinia akaja mbio. "Washa pampu!"

"Inamwaga wapi?"

"Mferejini."

"Mfereji umejaa, Injinia. Mferejini ndiko kijijini."

"Basi nionyeshe pengine pa kumwaga. Mashine za watu ziko chini, Dhanraj. Wewe ndiye msimamizi, nionyeshe!"

Sikuwa na pengine. Niliiwasha mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, na niliiona inavyotapika upande wa nyumba ya Mama. Imenguruma siku kumi na sita. Mitaro yangu nayo, iliyonyooka vizuri mpaka nikasifiwa, inateremsha mvua yote ya ule mchanga hapo hapo. Mkaguzi alikuja na chupa yake, akakuta hatujamwaga hata kikombe kimoja cha tope mtoni. Ameandika kwamba tumefaulu vizuri sana.

Mama nilimbeba mgongoni mpaka shuleni maji yakiwa yamenifika kiunoni. Alichukua picha ya Baba na furushi lake la safari, basi. Njiani akawa ananiambia, "Taratibu, usinilowanishe nguo za Kanada." Bendera za ibada alizosimika Mama zimebaki uani na mianzi yake, zinaelea. Ukuta wa nyuma wa nyumba umeanguka. Mbao zilizokuwa zifanye nguzo zake, nazitazama sasa hivi nikiandika. Zinashikilia bwawa, hazijatikisika.

Anakohoa. Shule ina watu tisini. Walimu wanasema tusitegemee maji kuondoka kabla ya Agosti, kwani hayana pa kwenda.

Sina ninachokuomba ila kimoja. Mchukue Mama. Hilo likitimia, nitaweza kusema angalau nyumba ilianguka ikiwa haina haja tena. Nimelishika hilo kwa mikono miwili, Dada. Sina kingine.

Dhanraj


Scarborough
28 Mei 1993

Dhanraj,

Simu za kwetu hazipiti. Hekaluni wanasema mvua ya mwaka huu ni mbaya sana huko. Mimi nawaambia, mdogo wangu ndiye mwenye funguo ya mlango, Mama yuko salama. Nawaambia hivyo, halafu narudi nyumbani nalala na viatu.

Lazima nikwambie. Karatasi za Mama zilikataliwa tarehe kumi na nne Januari, kabla hujaandika barua yako ya kwanza. Vishnu aliondoka Oktoba. Anaishi na mwanamke mwingine Winnipeg. Serikali ilitaka watu wawili wenye kazi wa kumdhamini Mama, nami nimebaki peke yangu kwenye chumba kimoja juu ya duka la matairi. Hakuna afisa aliyenihakikishia kitu. Nilimtunga mimi.

Nilitunga kwa sababu ya barua yako. Ulifurahi sana na ile kofia yako, na Mama nikamwona akisubiri jibu. Nikasema nitapata kazi ya pili, nitaomba upya, hamtajua. Kila wiki uongo ulizidi uzito na mimi nikawa nimeshaubeba nusu ya njia.

Mama haji, Dhanraj. Si Juni wala mwaka ujao. Kwa hiyo nakusihi, kadai mbao zako leo hii uinue nyumba kabla mvua haijakaza. Omba vibarua wakusaidie, waambie ni kwa ajili ya Mama. Nguzo nane tu. Wiki moja mnamaliza.

Ukiwa na hasira nami, iweke. Inua nyumba kwanza.

Chandra


Shule ya Klein Hoop
24 Juni 1993

Binti yangu Chandra,

Anayeandika ni Fitzroy Adonis. Maneno ni ya mama yako Sookdai, nami nimeonywa nisitie langu.

Barua yako ya tarehe ishirini na nane ililetwa hapa shuleni, maana pale nyumbani tarishi hana pa kuweka mguu. Bahasha ilikuwa na jina la Dhanraj. Nikamwambia Fitzroy, fungua, mimi ndiye niliyemzaa huyo Dhanraj. Akanisomea nyuma ya choo cha walimu, mahali pasipo watu. Nimeisikia yote. Vishnu sikumpenda tangu siku alipokula kwangu akaacha achari. Hilo la Vishnu limekwisha.

Hilo la karatasi lilinikalisha chini. Nilikaa kwenye benchi la watoto wa darasa la kwanza mpaka jioni. Nilishajiona ndani ya ndege, Chandra. Nilishachagua dirisha. Nilikuwa nimewaaga watu, hata wale nisiowapenda.

Sasa nisikilize habari ya ndugu yako.

Saiti hawajamfukuza. Wamempa karatasi ya pongezi yenye muhuri, akaichana mbele yangu, akaanza tena kuokota vipande. Siku hizi, kila maji yakipwa, anatoka nje ya mlango wa maji peke yake na koleo, anachimba lile tope. Peke yake, kazi iliyowashinda watu ishirini. Anachimba mpaka mto unarudi. Fitzroy anasimama juu anagonga reli yake, kama zamani alivyowagongea ninyi mkiwa wadogo, ili atoke. Jumamosi iliyopita aligongewa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akawa bado yumo. Maji yalimfika kifuani, akawa ameinamisha kichwa tu. Fitzroy ni mzee, hawezi kumvuta mwanamume mzima.

Mimi nilikuwa nimepelekwa pale kwa mtumbwi, nimwone mwanangu. Nikapiga kelele kwa kifua hiki kibovu. "Dhanraj! Toka humo! Nani atanipeleka uwanja wa ndege?"

Akatoka. Alipanda ngazi akakaa miguuni kwangu, tope tupu, akaniuliza, "Dada ameandika?" Nikamwambia ameandika. "Amesemaje?" Nikamwambia amesema karatasi zimechelewa kidogo kwa sababu ya mihuri, lakini zinakuja. Akalia, akasema, "Basi Mama, si kitu. Si kitu nyumba ikianguka." Tangu hapo nikimwita anatoka.

Kwa hiyo usimwandikie ule ukweli wako tena. Barua hiyo ninayo ndani ya blauzi yangu, na nikifa Fitzroy amekula kiapo kwamba ataitoa kabla sijaoshwa. Doreen alitaka kunirudishia chungu changu, maskini, ameniona napikia kwenye kopo. Nikamkataza asithubutu kukileta hapa. Dhanraj angekiona, angejua siendi popote.

Kifua changu usiulize. Maji yako pale pale. Watoto wamechora alama ya maji ukutani kwa chaki, na kila asubuhi wanakwenda kuiangalia, na maji hayajaiacha.

Mwandikie ndugu yako barua nzuri kama ulizokuwa ukiandika. Mweleze habari ya lile koti, lina rangi gani, lina mifuko mingapi. Mpe tarehe. Usiseme Agosti, Agosti ni karibu mno, atauliza tiketi iko wapi. Sema Septemba. Na ikifika Septemba, utaandika tena.

Mama yako,
Sookdai
(alama ya kidole gumba)